Sura Imepotea, Faili Ipo

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, mwenyewe huwa na subira. Anajua ile ni chuma, na chuma huharibika; ataita fundi. Lakini ikiwaka vizuri, itoe ule mlio wake wa kila asubuhi, halafu aikoni zote zikae pale kwenye skrini zikiwa karatasi nyeupe, hapo mtu hushikwa na baridi. Majina yapo, picha hazipo. Ni kama kuingia nyumbani ukute watu wenu wote wamekaa mahali pao pa kawaida, ila hawana nyuso.

Hofu hiyo nimeiona mara nyingi. Mimi huandika vibarua: makala hapa, maelezo ya bidhaa pale, siku nyingine hotuba ya baba wa bibi harusi. Kati ya malipo na malipo kuna wiki ndefu, na wiki hizo nazijaza kwa kutengeneza kompyuta za majirani hapa Umoja. Si kazi niliyosomea. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama, nikabaki na lapitopu kuukuu iliyokuwa inaugua kila wiki. Hiyo ndiyo ilikuwa mwalimu wangu.

Kati ya magonjwa yote, huu wa aikoni ndio unaokula pesa za watu bure. Hauui kompyuta. Haufuti chochote. Lakini unatisha, na mtu aliyetishika hukubali dawa yoyote anayoambiwa. Dawa anayoambiwa mara nyingi ni moja: tufomati.

Novemba iliyopita niliitwa na mama mmoja anayeuza vitambaa karibu na steji. Yeye ni mwekahazina wa chama cha akina mama 22. Kila mmoja huweka shilingi 500 kwa wiki. Piga hesabu: ni shilingi 11,000 kila Jumamosi, zaidi ya nusu milioni kwa mwaka, bila kuhesabu riba ya mikopo wanayopeana. Desemba wanagawana. Kuna mwenye kutegemea pesa hiyo kwa karo ya Januari, kuna mwenye kumalizia kuezeka nyumba ushago. Na hesabu yote, nani ameweka, nani amekopa, nani amerudisha, ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani iliyokaa nyuma ya mabunda ya kitenge.

Jumatano usiku stima ilipotea ghafla mashine ikiwa imewashwa. Alhamisi asubuhi aikoni zote zilikuwa nyeupe. Fundi mmoja akapita, akaangalia dakika mbili, akasema diski kuu imeoza, dawa ni kufomati, 1,500, angekuja kuichukua Jumamosi. Wakati nafika mimi, Ijumaa, habari ilikuwa imeshatembea. Wanachama wawili walikuwa wameanza kuulizana mbona hesabu ipotee Novemba. Mbona isipotee Machi?

"Kijana wangu," mama akaniambia, "mashine hainishughulishi. Hawa wanawake nasali nao."

Swali la kwanza kwa mgonjwa kama huyu si "aikoni zimeenda wapi?" Swali ni: je, faili ipo? Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakowaponza watu. Aikoni ni picha tu. Faili iko mahali pengine ndani ya diski, na haina habari kama picha yake imechorwa au haijachorwa. Njia ya kujua ni rahisi: acha eneokazi kabisa, fungua folda ya nyaraka zako moja kwa moja, au fungua programu yenyewe na utafute faili kutoka ndani yake. Nikabofya mara mbili ile karatasi nyeupe iliyoandikwa Excel. Excel ikafunguka vizuri, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaingia kwenye folda ya nyaraka: nakala za vitambulisho vya wanachama zipo, mikataba ya mikopo ipo, picha za harusi ya dada yake zipo. Diski iliyooza haifunguki hivyo.

Kwa hivyo ugonjwa ulikuwa wa picha. Na huu una maelezo yake.

Kila programu hubeba aikoni yake ndani ya faili yake. Windows ikitaka kukuonyesha eneokazi lenye vitu 40, ingelazimika kuzama ndani ya vitu 40, kutoa picha, kuzipima, kuzichora, kila unapowasha. Ingechosha. Basi hufanya wanavyofanya wauza duka wetu: hutoa sampuli na kuzitundika mlangoni. Picha zote huwekwa kwenye hifadhi ndogo pembeni, ile inayoitwa kache, na baada ya hapo Windows huchora kutoka kwenye sampuli bila kuingia stoo. Kwenye Windows 10 hifadhi hiyo ni kundi la faili zinazoanza na jina iconcache. Stima ikikatika katikati ya kuandika humo, au hifadhi ikijaa vurugu za miaka, sampuli huharibika. Windows inafika mlangoni, inakuta kitambaa kimeraruka, inakuchorea karatasi nyeupe. Stoo iko sawa.

Dawa ina ngazi, na ni vizuri kupanda ngazi moja moja, usirukie ya juu.

Ngazi ya kwanza: bonyeza F5 kwenye eneokazi. Wakati mwingine inatosha. Kama aikoni hazipo kabisa, hata majina hayapo, bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu, ingia View, uone kama alama ya "Show desktop icons" imetolewa. Nimeshalipwa shilingi 300 kwa kurudisha alama hiyo moja. Mtoto alikuwa amecheza na kipanya.

Ngazi ya pili: zima uwashe. Watu hulicheka jibu hili lakini lina akili ndani yake. Kuwasha upya huifanya Windows isome mambo mengi tangu mwanzo, na baadhi ya uchafu huachwa nyuma.

Ngazi ya tatu ni kufuta ile hifadhi ya sampuli, Windows ijenge nyingine. Hapa wengi hukwama, kwa sababu ukijaribu kufuta faili zile kawaida, unaambiwa zinatumika. Ni kweli zinatumika. Programu inayochora eneokazi, Explorer, imezishika mkononi. Lazima kwanza umwachishe. Unafungua dirisha jeusi la amri, kisha unaandika, mstari kwa mstari:

taskkill /f /im explorer.exe
cd /d %localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer
del /a iconcache*
start explorer.exe

Mstari wa kwanza ukishapita, aikoni zote hupotea, mwambaa wa chini hupotea, skrini inabaki tupu na lile dirisha jeusi. Kama mwenye mashine amesimama nyuma yako, mwambie mapema. Mimi nilimwambia mama, "Sasa vitapotea vyote kidogo, usishtuke," na bado nikasikia pumzi yake ikikatika. Mstari wa nne ndio humrudisha Explorer kazini. Akirudi anakuta mlangoni hakuna sampuli, anaingia stoo mwenyewe, anatoa mpya. Sekunde chache, kisha zikaanza kurudi moja moja: kijani cha Excel, buluu ya Word, lile pipa la taka. Mama akapiga makofi.

Halafu akanyamaza. Moja ilikuwa bado nyeupe. HESABU CHAMA.

Nafikiri hapa ni vizuri kusema neno "aikoni" limetoka wapi, maana jambo lililofuata lilisimama hapo hapo. Ni neno la Kigiriki, maana yake ni picha au mfano. Waorthodoksi wamelitumia kwa karne nyingi kwa picha za watakatifu, na lilizua ugomvi mkubwa: je, watu wanaabudu mbao na rangi? Mwaka 787, kwenye baraza la pili la Nisea, viongozi wa kanisa walikubaliana kwamba heshima inayopewa picha hupita ikamfikia yule aliyechorwa. Picha si mtu. Picha ni njia ya kumfikia.

Neno hilo liliingia kwenye kompyuta kupitia David Canfield Smith, aliyelitumia kwenye tasnifu yake ya udaktari pale Stanford mwaka 1975. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ikatoa mashine ya Star, iliyokuwa na eneokazi lenye picha za karatasi, folda na makabati. Mwaka 1984 Macintosh ikatoka na aikoni za Susan Kare, aliyezichora kwanza kwenye karatasi ya miraba: miraba 32 kwenda juu, 32 kwenda kando. Wazo lote lilikuwa kumsaidia karani wa ofisi: huyu anajua karatasi, anajua folda, anajua pipa la taka, basi tumwekee vitu anavyovijua.

Lakini picha inayosaidia ndiyo hiyo hiyo inayodanganya. Karatasi ikiwa mezani kwako, iko mezani kwako. Aikoni ikiwa kwenye eneokazi, si lazima kitu chenyewe kiwe hapo. Wengi wetu hatukufunzwa tofauti hiyo na yeyote. Tulipewa kipanya tukaambiwa bofya.

Ile aikoni ya HESABU CHAMA ilikuwa na kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Kishale hicho maana yake ni njia ya mkato: si faili, ni kibao cha barabarani kinachoonyesha faili iliko. Nikabofya kwa kitufe cha kulia, nikaingia Properties, nikasoma mahali kinakoelekeza. Njia ilianza na E:\. Kompyuta ile ilikuwa na C na D tu.

"Mama, hii hesabu iko kwenye flashi."

"Hapana, iko hapa. Naiona kila siku."

Na alikuwa anasema ukweli. Aliiona kila siku. Mpwa wake aliyemwekea mambo yale miaka sita iliyopita alichomeka flashi nyuma ya mashine, akaweka hesabu humo, akatoa njia ya mkato mezani. Miaka sita mama alibofya na hesabu ikafunguka. Hakuwahi kuwa na sababu ya kuuliza inatoka wapi. Tukavuta mashine mbele. Nyuma palikuwa na vumbi, utando wa buibui, na tundu la USB lililo safi kuliko mengine.

Flashi ilikuwa na bintiye. Alikuwa ameichomoa wiki mbili nyuma akapeleke sivii yake saiba ikachapishwe, akarudi chuoni Juja nayo. Kwa wiki hizo mbili mama hakuwa amefungua hesabu. Alikuwa akiandika kwenye daftari, aingize mwisho wa mwezi.

Sasa fikiria. Fundi angekuja Jumamosi, angefomati. Vitambulisho, mikataba, picha za harusi, vyote vingeenda. Hesabu yenyewe isingeguswa, lakini kila mtu angeapa kwamba ilifutwa siku hiyo. Hakuna ambaye angekwenda kuitafuta kitu alichokiona kikifutwa kwa macho yake. Flashi ingebaki Juja ikibeba filamu. Na mama angebaki na lile swali la Machi na Novemba maisha yake yote.

Nikamwomba mama ampigie fundi, amwambie Jumamosi asije. Badala yake alikuja binti.

Flashi tukaichomeka. Ikafunguka ikiwa na folda nne, kila moja na kishale kwenye kona.

Kama umewahi kuchapisha kitu saiba, unajua nilichoona. Kuna virusi ambavyo vikiingia kwenye flashi huficha folda zako halisi, kisha hutengeneza njia za mkato zenye majina yale yale. Ubaya wake ni kwamba ukibofya, folda yako inafunguka kweli, kwa hivyo huoni tatizo. Lakini kabla ya kuifungua, ile njia ya mkato huamsha kirusi kwanza, kinahamia kwenye mashine unayotumia, kisubiri flashi nyingine. Binti alikuwa ametembea nayo hivyo wiki mbili bila kujua. Na mtu wa kawaida akigundua folda zake zimekuwa "vitu vya shotikati," hufanya nini? Anafomati flashi.

Nikawaonyesha jambo moja kabla ya kugusa chochote, na ningependa kila mtu alijue. Zile njia nne za mkato, ukizipima, zilikuwa kilobaiti chache tu. Lakini ukitazama flashi yenyewe ukubwa wa nafasi iliyotumika, ilikuwa zaidi ya gigabaiti moja. Hiyo gigabaiti ni ya nani? Flashi tupu haisemi imejaa. Vitu vilikuwa humo, vimefunikwa blanketi.

Hapa usibofye. Kwanza nikaiacha programu ya kinga ya Windows isafishe flashi na mashine pia. Kisha dirisha jeusi tena, mstari mmoja:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Herufi zile zinaondoa alama tatu ambazo kirusi huweka: ya kufichwa, ya kusomwa tu, na ya mfumo. Mbili zingine zinasema ingia kwenye folda zote, na folda zenyewe pia. Kama flashi yako ina herufi nyingine, badilisha hiyo E. Tukangoja. Kishale cha dirisha kikawa kinapepesa bila kusema kitu, na nyuma yangu mama alikuwa anasali kwa sauti ya chini, si kwa ishara, anasali kabisa. Mstari ulipoisha nikafungua flashi. Folda nne za manjano, zisizo na kishale. Ndani ya ya pili, hesabu. Safu za majina 22, wiki kwa wiki, ya mwisho Jumamosi ya mwisho ya Oktoba.

Tuliinakili mara tatu kabla hajafungua duka kwa mteja aliyekuwa amesubiri nje: kwenye mashine, kwenye barua pepe yake, na kwenye simu ya binti.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini yule fundi alisema diski imeoza. Sidhani ni mwizi. Ana kibanda, ana cheti ukutani, na kufomati kweli hutibu mambo mengi. Ni kama kuvunja nyumba kwa sababu taa haiwaki, giza linaisha kweli. Kufomati pia kuna bei inayojulikana. Lakini kukaa na mteja saa mbili ukisoma kibao kinaelekeza wapi, hiyo haina bei kwenye ukuta wa mtu. Mama aliniuliza nilisomea wapi haya, nikamwambia ukweli, kwamba sikumaliza. Akasema, "Basi andika mahali, wengine wajue." Ndiyo hii.

Ukitaka kubeba kitu mfukoni, beba mpangilio huu. Aikoni zote zikigeuka nyeupe kwa pamoja, ni hifadhi ya sampuli; jenga upya. Moja ikibaki nyeupe na ina kishale, soma inaelekeza wapi. Huenda kitu kimehamishwa au flashi imetolewa. Folda zikiota kishale ambacho hukuweka, usibofye. Pima nafasi iliyotumika, safisha virusi, kisha ondoa blanketi. Na mtu akitamka neno fomati kabla hajauliza faili zako ziko wapi, mpe chai, umshukuru, na usimpe mashine.

Desemba walikutana Jumamosi ya pili, dukani humo humo, wamekalia mabunda. Mama aliniita nikae karibu na mashine, ikiwa itazua. Haikuzua. Kila mmoja alisomewa safu yake, akapokea bahasha, akaweka sahihi. Wale wawili waliokuwa wakiulizana waliuliza pia siku hiyo, maswali ya haki, wakajibiwa kwa tarehe. Mmoja akaomba hesabu iwe inachapishwa kila mwezi na kutiwa sahihi na watu watatu. Wote wakakubali, na nadhani hiyo ilikuwa dawa bora kuliko zote nilizoandika mimi.

Baadaye mama aliniuliza kama ile picha ya hesabu lazima iwe ile ya kijani. Nikamwambia hapana. Windows ina ghala la picha za akiba, liko kwenye faili inayoitwa shell32.dll, unaingia Properties ya njia ya mkato, unabofya Change Icon, unachagua. Alizipitia zote polepole kama anayechagua kitambaa, akasimama kwenye mti. Alinilipa 800 na mita mbili za kitenge. Nilipokuwa natoka, mwanachama mmoja alikuwa ameinama mbele ya skrini akiuliza kama hesabu ndiyo hiyo yenye mti.

"Hiyo ni picha tu," mama akamwambia. "Njoo nikuonyeshe yenyewe inakaa wapi."